Kadi Moja kwa Kila Mtu

Kazi yangu ni kupanga safari za manowari ambazo sizioni. Ofisi iko Kilimani, ghorofa ya tatu, na dirishani kwangu unaona fleti zikijengwa na kreni ikizunguka juu ya mijakaranda. Bahari iko mbali. Watu wakiniuliza nafanya nini nasema kazi ya ofisi, maana nikitaja meli wananicheka. Meli gani Nairobi?

Ninazozipanga ni mbili, zilizofanana, na zote zimenizidi umri. Zilipaswa kuwa zimeshapumzishwa. Mpya zimeagizwa, na tangu niajiriwe mpya zinakuja. Mara mkataba haujakamilika, mara kiwanda huko ng'ambo kina kazi ya wengine mbele yetu, mara mpya ya kwanza iko tayari isipokuwa kitu fulani ambacho hakuna anayekitaja. Wakati tunangoja, za zamani lazima ziende doria. Kwa hiyo ni lazima mtu akae chini na kupanga ni ipi itatoka, ni ipi itabaki gatini ikifunguliwa na mafundi, na nani atapanda wapi. Afande ndiye anayeamua. Mimi ndiye ninayemwandalia.

Sikusomea kazi hii. Nilimaliza sekondari kwetu magharibi nikiwa na alama nzuri, lakini chuo hakikuwezekana, nikaja Nairobi kukaa na shangazi Kawangware. Kupanga matengenezo ya mitambo nilijifunza kwenye simu, kwa video za watu wanaoongea haraka, huku nikisimamisha na kurudia. Nilipofaulu mtihani wa kazi nilidhani wamekosea jina. Hadi leo nadhani kuna siku mtu atafungua mlango aniambie nitoke. Ndiyo maana narudia kila kitu. Nikifunga kabati narudi kuangalia kama nimelifunga. Nimewahi kufika kituo cha basi cha Yaya nikarudi kwa miguu mpaka ofisini kwa sababu sikukumbuka kama ile pini ya mwisho niliichoma wima.

Pini ni za ubao. Kompyuta tunazo, lakini afande wetu ni mtu aliyekaa baharini miaka mingi na anataka kusimama mbele ya kitu anachoweza kukigusa. Ukuta mzima umefunikwa ubao laini wenye kitambaa. Kila meli ina upande wake, na kila mwanamaji ana kadi yenye jina lake na ufundi wake. Juu ya kila upande tunaning'iniza kibao cha rangi. Kijani maana yake meli ina watu na mitambo ya kutosha kutoka. Nyekundu, haina.

Mojawapo ya kadi zile ilikuwa ya kaka yangu.

Nilimwambia afande siku yangu ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa kiti. Alinitazama kana kwamba nimemwambia nimekunywa chai.

"Nchi hii nani hana ndugu jeshini?" akasema. "Kaa ufanye kazi."

Kaka yangu ndiye kifungua mimba kwetu. Ni fundi wa majenereta, yaani ile mitambo inayowapa umeme wa kila kitu melini, taa, rada, usukani, hata jiko. Kwenye meli za zamani fundi anakaa ndani ya chumba kimoja na jenereta zamu nzima. Ile kelele haielezeki. Amevaa viziba masikio tangu alipoanza, lakini viziba navyo vina mwisho wake. Nilipoanza kazi sikio lake la kulia lilikuwa limeshaanza kwenda. Daktari alimwambia bila kuzunguka: ukiendelea kukaa na hiyo mitambo, la kushoto litafuata. Meli mpya hazina shida hiyo. Mitambo iko chini peke yake, na fundi anakaa kwenye chumba cha vioo akiangalia saa na taa. Kwa kaka yangu, kungoja meli mpya kulikuwa ni kungoja masikio.

Baada ya wiki chache nikaona jambo kwenye ubao. Kulikuwa na kadi mbilimbili. Mtu huyohuyo, mwandiko uleule, upande wa meli ya kwanza na upande wa meli ya pili. Nilidhani ni bahati mbaya, nikazipanga mezani, zikawa nyingi. Nikaenda kwa mzee tunayekaa naye chumba kimoja. Aliwahi kuwa baharia, goti likamharibikia akaletwa mezani.

"Mzee wangu, huyu mtu ako meli mbili."

"Eeh."

"Sasa anawezaje?"

"Ana miguu miwili." Akacheka peke yake, kisha akanionea huruma. "Hiyo inaitwa kuazimana. Meli moja ikirudi, hao wa mitambo wanashuka na mabegi yao, wanavuka gati, wanapanda ile ingine. Ndio inatoka. Nyumbani wataenda siku moja."

"Kwa nini hakuna wengine?"

"Wale wazuri walishapelekwa ng'ambo kusomea meli mpya. Wako huko wanaisoma, meli yenyewe bado ni vyuma. Na vijana wakishajua kazi wanaitwa na makampuni, wanatuachia kofia."

Kwa hiyo ubao wetu ulikuwa na meli mbili za kijani na watu wa meli moja na kitu.

Ningependa kusema niliona uchungu kwa ajili ya wale watu wanaovuka gati na mabegi. Niliuona, lakini baadaye. Kilichoniuma kwanza ni zile kadi. Nilikuwa nikilala naziona. Kitu ambacho si sawa kikiwa mbele yangu ni kama kokoto ndani ya kiatu, siwezi kufikiria kingine mpaka nikivue. Nilimwambia mzee nataka kila mtu awe na kadi moja.

"Madam Sawasawa," akasema. Hilo ndilo jina alilonipa. "Ukitoa hizo kadi, meli moja itakuwa nyekundu."

"Si ni nyekundu kweli?"

"Kwa hii jengo nani hajui? Shida si kujua. Ikishaandikwa, lazima mtu afanye kitu. Na hawa wakubwa wakiamua kufanya kitu, wewe hujui watafanya nini."

"Watapumzisha meli moja."

"Haya," akasema, na akarudi kwenye gazeti lake.

Nilizitoa. Afande alipoingia alisimama mbele ya ubao muda mrefu, mikono nyuma. Hakunikemea. Yeye mwenyewe alichukua kibao chekundu akakining'iniza juu ya meli ya pili, na alasiri akawaita wakubwa wake waje waone. Nikaongeza jambo lingine ambalo hakuna aliyeniagiza: nikawapigia mafundi simu mmoja mmoja, na chini ya kila kadi nikaandika mtambo ambao mwenye kadi anaweza kuuendesha peke yake bila msimamizi. Afande alipenda sana. Aliniambia hajawahi kuona ubao unaosema kweli kiasi hicho. Nilienda chooni nikalia kwa furaha, na naandika hivyo nikiona haya.

Kwa muda mambo yalikwenda kama nilivyotabiri. Meli ya pili ilibaki gatini, watu wakapata likizo. Kundi lingine la kwenda ng'ambo likatajwa, na jina la kaka yangu lilikuwamo.

Alikuja Nairobi kushughulikia viza. Nilimpeleka Spring Valley, ambako ubalozi wa nchi hiyo umejificha nyuma ya ua mrefu na mlinzi anaongea na wewe kupitia kitundu. Alipotoka akataka twende soko la Toi kununua jaketi, kwa sababu huko anakoenda walimwambia kuna baridi ya kuuma meno. Alijaribu moja nene la kijivu akasimama katikati ya njia ya soko amenyoosha mikono kama mtu anayepimwa suti.

"Siste, nakaa aje?"

"Unakaa mlinzi wa benki."

"Nini?"

Nikarudia kwa sauti, na mwenye nguo akacheka kuliko sisi.

Tulikula mjini, hoteli moja ya River Road anayoipenda kwa sababu ugali wao hauna aibu. Alichagua kiti cha ukutani ili sikio la kushoto liwe upande wangu. Alikuwa akiongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea watu wasiojisikia, na meza za jirani zilikuwa zinatusikiliza akieleza chumba cha vioo.

"Unakaa ndani na shati safi! Unaangalia taa tu! Ukitaka unasikia hata mwenzako akikohoa!"

"Punguza sauti, brathe."

"Wacha wasikie. Ni siri?"

Nilikuwa sijamwona hivyo tangu tukiwa watoto. Alimwita mhudumu amwongezee mboga akamwambia anaenda ng'ambo kusomea meli.

Kisha agizo likashuka. Sikuambiwa sababu, na si kazi yangu kuijua. Meli zote mbili zinahitajika baharini, kwa pamoja, na si kwa safari moja. Kibao chekundu hakiwezi kukaa. Afande aliniita mbele ya ubao. Sura yake haikuwa ya mtu aliyelala.

"Nikirudisha zile kadi mbilimbili nitakuwa nadanganya watu waliokuja hapa wakaona," akasema. "Tafuta watu."

"Hakuna, afande."

"Wako wanaosafiri mafunzoni. Baadhi yao hawawezi kwenda tena. Nitoe nani?"

Nilijua anachouliza kabla hajamaliza.

"Afande, kaka yangu ni mmoja wao. Mimi siwezi kusema."

Alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima hata. "Sawa. Basi ubao useme."

Akasogea karibu, akaanza kusoma yale niliyoandika chini ya kadi. Majenereta ya meli ya pili yalikuwa na majina matatu ya watu walioweza kuyaendesha peke yao. Mmoja alikuwa amestaafu. Wa pili alikuwa tayari ng'ambo na kundi la mwanzo. Wa tatu nilimfundisha mimi mwenyewe kutumia pesa ya simu, na yeye akanifundisha kuendesha baiskeli.

Kulikuwa na kijana aliyekuwa chini ya kaka yangu. Kwenye kadi yake nilikuwa nimeandika: chini ya usimamizi. Nilipoongea naye kwa simu alikuwa ameniambia mwenyewe, kwa kucheka, kwamba lile jenereta la kushoto bado linamtisha. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Neno moja lingetosha. Afande alikuwa amegeukia dirisha, na nimejiuliza mara nyingi kama alinigeuzia mgongo makusudi.

Sikuandika. Ningetaka iwe ni kwa sababu niliwafikiria wale watu wote gizani katikati ya bahari, meli bila usukani, yule kijana akihangaika na mtambo unaomtisha. Niliwafikiria. Lakini mkono ulizuiwa na kitu kidogo zaidi. Niliogopa kuandika kitu kisicho sahihi. Ni woga uleule wa kabati na pini.

Afande alichomoa kadi ya kaka yangu kwenye pembe ya ubao ya wasafiri akaichoma upande wa meli ya pili. Kibao cha kijani kikapanda.

Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilishuka hadi uwanja wa magari, nikasimama karibu na ukuta, nikampigia.

"Niaje siste!"

"Brathe, kuna kitu. Hutaenda."

"Nini?"

"Nasema hutaenda."

"Sema juu, kuna mashine hapa!"

Hapakuwa na mashine. Nilisikia nyuma yake kunguru na mtu akipiga mluzi.

"Hutaenda ng'ambo!" nikapaza sauti. "Wamekutoa! Unabaki na meli!"

Watu wa mjengo wa pili walisimama na mabeseni yao kichwani kunitazama. Askari wa geti alitoka kwenye kibanda chake. Nilikuwa nikipiga kelele habari mbaya kuliko zote nilizowahi kumpa mtu, na ilibidi niirudie, kwa sababu mara ya kwanza alisikia nusu.

"Nani amenitoa?"

"Ubao."

"Ubao una mikono?"

Niliugeukia ukuta.

"Siste. Uliandika nini kwa kadi yangu?"

"Ile uliniambia. Kwamba unaweza peke yako."

"Na ya kijana?"

"Kwamba bado."

Kunguru walilia tena nyuma yake.

"Bado kweli," akasema, kwa sauti ya kawaida sasa, ya chini, kama mtu anayejiongelesha. "Juzi alisahau kufungua maji ya kupoza." Na akakata.

Nilipopita getini askari alisema, "Pole madam. Ni mgonjwa?" Nikamwambia hapana.

Yule mzee wa ofisini hakunitania siku ile wala siku zilizofuata. Aliniletea chai, na hilo lilinikera kuliko kama angenicheka.

Meli ya pili ilitoka, ikarudi ikapakia, ikatoka. Ubao ulikuwa kijani pande zote mbili, kila mtu na kadi yake moja, na wageni wa ofisi walikuwa wakiletwa kuuona. Nilijifunza kusimama kando nikitabasamu. Nilikuwa nafika kazini mapema kuliko wote, nachomoa kadi ya kaka yangu, naisoma, nairudisha palepale. Sijui nilitegemea isome vipi.

Wale waliokwenda ng'ambo bado wako huko. Meli wanayoisomea haijashushwa majini. Wanatumiana picha za theluji, na mmoja wao, aliyechukua nafasi ya kaka yangu, ni fundi wa rangi na vyuma ambaye kwenye meli ya zamani hakuwa akishuka chumba cha injini kabisa. Yeye anasikia vizuri.

Kaka yangu alipokuja likizo nilimpokea stendi. Nilimwita kutoka nyuma, nikamwita tena, nikafika nikamgusa bega ndipo akageuka. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto linashika sauti nene, za kike zinampita. Hakuniambia hivyo yeye, nilijua kwa kumwangalia akiniangalia. Macho yake sasa yanakaa mdomoni kwa mtu.

Hana hasira nami. Ingekuwa rahisi angekuwa nayo. Aliniuliza habari za ubao, akataka kujua kama bado naandika mitambo chini ya kadi, akaniambia niendelee. Alisema yule kijana sasa anaweza.

"Anaweza peke yake?"

"Eeh. Ndiyo maana ameandika barua ya kuacha. Kuna kampuni imemwita." Akacheka kwa nguvu, na mama mmoja aliyekuwa anapita na mtoto mgongoni akashtuka.

Nimehama kwa shangazi. Nimepanga chumba Jamhuri, nyuma ya nyumba ya watu, na nje kuna sehemu ya kuanika nguo. Jumapili baada ya kanisa tulikaa hapo kwenye viti vya plastiki, jua likiwa dogo, uwanja wa maonyesho ukipiga vipaza sauti vya mkutano wa injili. Mama akapiga simu kutoka nyumbani. Kaka alichukua, akaweka sikio la kushoto, akakunja uso, akahamisha simu juu kidogo na chini kidogo. Kisha akanipa.

"Ongea na yeye. Network ya huko ni mbaya."

Mama anaongea taratibu siku zote, kama mtu aliye kanisani. Nilimsikia vizuri kabisa.

"Mwulize kaka yako anaenda lini ng'ambo," akasema. "Watu wa ushirika wananiuliza. Tuliomba, sasa hatujui tumeombea tarehe gani."

Kaka hakuwa amemwambia kwamba alitolewa. Wala mimi sikuwa nimemwambia. Nilimtazama kaka, naye alikuwa ameshika macho mdomoni kwangu, anangoja.

"Anauliza safari," nikasema pole pole, nikiyaumba maneno.

Alijikuna shingo. "Mwambie meli haijaisha kutengenezwa."

"Na wewe?"

"Mwambie tu hivyo."

Nikamwambia Mama. Akasema basi wataendelea kuomba, hakuna haraka na Mungu. Kisha akauliza lake.

"Mbona siku hizi hataki kuongea na mimi? Nimemkosea?"

"Hapana, Mama."

"Kila nikipiga ananipa wewe, au anasema nitakupigia."

"Ako hapa, Mama," nikasema. "Anakusikia."

Nikapindua ndoo, nikaweka simu juu yake katikati yetu, nikaongeza sauti hadi mwisho. Mama akaanza kumweleza habari za nyumbani, ng'ombe aliyezaa na paa la kanisa lililong'olewa na upepo, akimwita kwa jina la utotoni, na kaka yangu akawa anaitikia kwa kichwa kila nilipoitikia mimi.